Sala ya Mama Mbeba Mchanga

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiitaja masikio yangu yanapata moto. Siku hiyo mama mmoja asiyejua kusoma alinifundisha kusali, mimi niliyekuwa nikiwasalisha watu wa mtaa mzima. Alinifundisha akiwa amekaa kwenye matope, gunia la mchanga mgongoni, na mimi nimekaa kando yake nimeshindwa kuinuka.

Lakini ngoja. Kabla hujaanza kunicheka, njoo kwanza uone ukuta wangu. Ukifika Cimpunda, mtaa wetu wa mlimani juu ya ziwa, usiulize namba ya nyumba, utapanda na kushuka vile vijia vyetu mpaka magoti yakuombe msamaha. Uliza tu ukuta wa Mwalimu. Watakuonyesha. Ni ukuta wa mawe meusi, umeshika nyumba yangu kwenye mteremko ambako majirani wengi wamepoteza nyumba zao. Mvua ngapi zimeupiga! Uko pale pale. Mimi ni mtu wa kujivuna, sifichi, na kila mgeni wangu nampeleka kuuona kabla hajapewa hata chai. Furaha, mke wangu, anasema nawachosha watu. Shauri yao.

Sasa kaa nikuambie ulivyojengwa, maana fahari yangu juu ya ukuta ule ilianza kwa aibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu. Mwandiko wangu ubaoni ulikuwa safi, na shati langu lilikuwa na pasi hata wiki ambazo umeme haukuonekana kabisa, kwa sababu nilikuwa na pasi ya makaa na sikumruhusu mtu mwingine aiguse. Katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza kupata diploma. Na juu ya hayo yote, watu wa shirika letu walikuwa wamenichagua kuwa kiongozi wao.

Wewe unayekaa mbali labda hujui shirika ni nini kwetu. Ni familia kumi na kitu za jirani, Wakatoliki, wanaokutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tunasoma Neno, tunaimba, kisha kila mtu anatoa nia, yaani anasema kwa sauti mbele ya wote jambo analotaka tumwombee. Huyu mtoto wake ana homa, yule mume wake hajarudi kutoka machimboni. Na shirika letu lilikuwa na desturi moja ya ziada. Nia zikiisha, kiongozi anauliza: "Nani iko na muzigo?" Anayejibu kwamba anao, Jumamosi tunakwenda kwake kwa mikono yetu, tukishamaliza salongo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mitaro ya mtaa. Tumeezeka bati za wajane namna hiyo. Tumewashusha wagonjwa kwenye machela hadi barabara kubwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza swali lile. Niliuliza vizuri, kwa sauti nzito, nikimtazama kila mmoja usoni. Na mwisho kabisa walikuwa wakinigeukia na kusema, "Na weye, Mwalimu?" Nami nilikuwa na jibu langu moja tu: "Mimi niko sawa. Namushukuru Mungu." Nililipenda jibu hilo, mwanangu. Niliona linanikaa vizuri kama shati lenye pasi.

Mwezi wa tano, baada ya mvua za mwisho, Furaha aliniita uani. Tulikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Akanionyesha ufa kwenye udongo. Ulianzia karibu na jiko ukavuka uwanja mzima, na mkono wangu uliingia ndani hadi kwenye kiwiko. Mtu wa Cimpunda hahitaji kuelezwa ufa wa namna ile. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, uwanja ungeshuka bondeni, na ukishuka ungeondoka na jiko pamoja na chumba tulicholala. Mtoto wetu alitarajiwa mwezi wa kumi.

"Alhamisi useme kwa shirika," Furaha akaniambia.

"Niseme nini?"

"Useme tuko na muzigo."

"Miye? Miye njo kiongozi, Furaha! Batu banaleta mizigo kwangu. Sasa na miye nianze kulia mbele yabo?"

"Basi umwambie Yesu."

"Yesu anajua."

Ona jeuri hiyo. Lakini moyoni nilikuwa na hesabu yangu, na niliiona ni hesabu sahihi. Nilijiambia kwamba Kristu ana wagonjwa, ana wajane, ana watu waliokimbia vita na godoro kichwani. Mtu mwenye diploma na mikono miwili aende kumsumbua kwa ajili ya udongo? Niliita jambo hilo adabu. Kilikuwa kiburi, kiburi kitupu kilichovaa nguo za kanisani, na niliishi nacho miezi minne bila kukitambua. Nikamkataza Furaha asimwambie mtu yeyote. Alinyamaza, lakini chakula cha siku ile kilikuwa na chumvi ya kutosha familia tatu.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia baridi. Zamu ya kusali kwetu ilikuwa inakaribia. Nikachukua bati moja nililobakiza wakati wa kuezeka, nikalilaza juu ya ufa, nikatandika mkeka juu yake. Alhamisi watu wakaja, wakajaa uwanjani, wakakaa juu ya ule mkeka wakiimba na kupiga makofi. Mimi nimesimama mlangoni na kitabu mkononi, jasho linanitoka, nahesabu vichwa. Nia zilipoisha wakanigeukia kama kawaida. Nikasema, "Mimi niko sawa."

Kati ya waliokaa juu ya mkeka alikuwapo Mama Nabintu, na sasa lazima nikujulishe kwake. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Mumosho, mwembamba, mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Kazi yake ilikuwa kubeba mchanga kutoka kando ya ziwa hadi huku juu ambako gari haliwezi kufika. Umewaona mama zetu wanavyobeba: gunia liko mgongoni, mkaba, ule mshipi wa kubebea, umepita kwenye paji la uso, shingo imeinama, na mtu anapanda mlima mzima akitazama vidole vya miguu yake. Mama Nabintu alikuwa na alama ya ule mkaba kwenye paji lake hata siku ya Pasaka, amevaa kitenge kipya. Jioni ile kwangu alikaa juu ya mkeka, akagonga chini mara mbili kwa kisigino, akaniinulia macho. Nikaendelea kusoma.

Likizo ilipoanza nikaanza ukuta wangu. Nilichagua mahali pa chini, kwenye ukingo wa nje wa uwanja, nikaanza kupanga mawe. Niliyabeba moja moja kutoka kule wanakoyapasua, mapema kabla watu hawajajaa njiani, na tena mchana. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Jirani yangu Papa Zihalirwa, fundi wa kujenga, mtu aliyesimamisha nusu ya nyumba za mtaa wetu, alisimama siku moja akanitazama.

"Mwalimu, unajenga nini pale?"

"Bustani tu, papa."

"Bustani ya majiwe?"

Akaenda zake akicheka. Mwanangu, fundi bora wa Cimpunda alikuwa mita kumi kutoka kwangu, na mimi nikamwambia napanda bustani.

Wakati huohuo kusali kwangu kulikauka. Alhamisi mdomo ulifunguka na maneno mazuri yakatoka, kina mama wakaitikia amina wamefumba macho. Lakini nikiwa peke yangu mbele ya msalaba mdogo wa chumbani sikuwa na la kumwambia Kristu. Jambo moja tu lilijaza kichwa changu, na ndilo jambo nililokuwa nimekataa kulitaja. Kwa hiyo nilisimama pale, nikafanya ishara ya msalaba, nikatoka. Nilikuwa nimechoka, nimekonda, na nilikuwa namjibu Furaha vibaya kwa vitu vidogo. Nilikuwa naogopa sana. Nakuambia wazi, kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Ikafika Jumamosi yenyewe, mwezi wa tisa. Usiku manyunyu yalikuwa yamelowesha udongo, na tangu asubuhi mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya ziwa, meusi, upande wa Kalehe. Watu wa mtaa walikuwa wameshuka kwenye salongo, nayasikia majembe yao huko chini na utani wao. Mimi kiongozi sikwenda. Niliwatumia neno kwamba nina kazi za wanafunzi za kusahihisha. Nilikuwa nyuma ya nyumba nahangaika na jiwe moja kubwa la kufungia pembe, na nilijua nisipoliweka kabla ya mvua ile, nimekwisha. Nikalikumbatia. Nikapiga moyo konde, nikainua.

Mgongo ukakatika. Ndivyo nilivyosikia mlio wake, kwaa! Nikaanguka kitako kwenye matope, jiwe likabingirika kando, na kila nikijaribu kuinuka maumivu yakanirudisha chini.

Hapo ndipo alipotokea Mama Nabintu, amepanda na gunia la mchanga nililokuwa nimemwagiza kwa ajili ya ile bustani.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mwalimu."

"Milele, amina."

Akanigeuzia mgongo kama wabebaji wanavyofanya wakifika. "Nitue."

"Siwezi, mama."

"Juu ya nini?"

"Mugongo umekwama. Siwezi hata kusimama."

Akageuka taratibu, akanitazama toka kichwa mpaka miguu, shati langu lenye pasi limejaa matope. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe siku ile ilikuwa tayari kabisa. Mama Nabintu hakusema pole. Alipiga hatua mbili, akakaa chini kando yangu, gunia likaegemea mteremko nyuma yake, mkaba bado uko kwenye paji lake.

"Bon," akasema. "Tuko wawili."

Kisha akaelekeza kidevu kwenye lile jiwe. "Ile jiwe, nani alikutwika?"

"Hakuna mutu. Miye mwenyewe."

"Njo maana." Akapangusa jasho. "Mwalimu, miye naanza hii kazi wakati weye unanyonya. Ile siku yote, sijajitwikaka hata siku moja. Gunia linakuwa chini, unakaa, unaweka mukaba, sasa utasimama na nini? Lazima mutu akuvute mukono. Lazima! Hata mwenye nguvu namna gani. Pale ku ziwa, kila asubuhi, miye nakaa chini na muzigo yangu, nasema sala yangu. Unaijua sala yangu?"

"Hapana, mama."

"Nasema, Yesu, nitwike. Basi. Njo sala yote. Simwambie anibebee, njia ni yangu, muzigo ni yangu, batoto ni bangu. Namwambia anitwike. Na nikishasema, nafungua macho, naangalia ametuma nani."

"Anatumaka nani?"

Akacheka, meno machache yakaonekana. "Eh! Siku ingine mama mwenzangu. Siku ingine mulevi mwenye anatoka kulala ku mutaro. Siku moja askari, na bunduki yake. Miye siulize. Nikikataa mukono ya mulevi, nimekataa mukono ya Yesu, na sala yangu imeisha kazi. Sasa weye unatuuliza kila Alhamisi nani iko na muzigo. Na weye, unamwambiaka Yesu nini?"

"Namwambia niko sawa."

"Unamudanganya Yesu?" Sauti ikapanda. "Weye Mwalimu! Nilikaa juu ya ile bati yako. Hii miguu inajua udongo, inakanyaga udongo kuliko weye unakanyaga chaki. Nilisikia chini iko wazi. Nikasema moyoni, nitangoja, atasema mwenyewe. Ulisema uko sawa! Tena na amina juu! Ulitukalisha juu ya shimo, na bamama bako na batoto mugongoni, juu ya kuficha haya yako!"

Miezi minne ile ilinijia kwa pamoja, ufa, mtoto, mawe, ule msalaba wa chumbani niliokuwa naukwepa, nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mwalimu, na Furaha akatoka jikoni mbio akafikiri kuna mtu amekufa.

Mama Nabintu akavua mkaba kichwani, akasimama, akaninyoshea mkono. Sitasahau mkono ule, mfupi, umekakamaa, na mchanga kwenye kucha. Niliutazama muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Unaona, hata pale matopeni bado kulikuwa na kipande cha mimi kilichotaka kusema kwamba niko sawa. Nikafumba macho. Nikasema, kwa sauti ambayo Furaha anasema hakuisikia vizuri, "Yesu, nitwike." Nikaushika ule mkono.

Nilisimama. Nimepinda, nimeegemea bega la mama mfupi kuliko mimi, lakini nilisimama. Na ndani yangu kitu kilikaa sawa, mwanangu. Mawingu yalikuwa bado pale, ufa bado pale, na mgongo uliniuma vibaya sana, lakini ile hofu ya upweke ilikuwa imeniachia. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nilijua kwamba Kristu yuko uani kwangu na anajua jina la tatizo langu kwa sababu nimemwambia mimi mwenyewe.

"Mama, uende kule salongo ubaambie," nikamwomba.

"Miye? Miye nabeba mchanga. Haya yako utabeba weye."

Basi tukashuka, yeye upande mmoja, fimbo upande wa pili, Furaha nyuma yetu akiwa ameshika tumbo lake. Watu walipotuona wakaacha majembe. Wote walikuwepo, na Papa Zihalirwa katikati, suruali imekunjwa magotini. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele yao na maneno, na maneno yote yakanikimbia. Nikasema, "Nia yangu." Nikashindwa. Nikaanza tena. "Nia yangu... niko na muzigo. Uwanja wangu umepasuka tangu mwezi wa tano. Niliwakalisha juu yake, nikawaficha. Munisamehe. Munitwike."

Nilingoja wanizomee, na nilistahili. Mama mmoja kweli alisema "Yesu Maria!" akampapasa mtoto wake mgongoni. Lakini Papa Zihalirwa alitupa koleo begani akauliza neno moja tu: "Ile bustani?"

Wakaangua kicheko, hata mimi nikacheka na machozi usoni, na kabla kicheko hakijaisha walikuwa wameanza kupanda.

Papa Zihalirwa alifika, akaangalia ukuta wangu wa miezi miwili, akachomeka chuma ardhini hapa na pale. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hapa ni udongo ya kumwaga. Weye mwenyewe uliumwaga wakati unasawazisha kiwanja, ama? Ukuta yako imekaa juu ya kitu chenye kinataka kwenda. Ingeenda nayo, na weye juu." Kisha akarudi ndani ya uwanja, upande wa pili wa ufa, karibu na nyumba, akapiga chuma mpaka kikagonga mwamba. "Hapa. Ile ya inje tunaiacha, imeshakufa. Tunashika hii."

Fikiria hilo. Jasho langu lote, malengelenge yote, lilikuwa mahali pasipofaa, na ilimchukua jirani yangu dakika chache kuniambia kile ambacho angeniambia mwezi wa saba kama nisingejibu bustani.

Walibomoa kazi yangu wakaihamisha. Wakasimama mstari mmoja kwenye mteremko, wanaume kwa wanawake, jiwe likapita mkono hadi mkono. Kina mama wabebaji walikuja kutoka njia ya ziwani, Mama Nabintu aliwaita kwa mluzi, wakajaza magunia udongo wakayapanga nyuma ya mawe. Mimi nilikaa kwenye kiti mlangoni, mgongo umefungwa kitenge cha Furaha, sina kazi. Kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko kubeba. Mtu akipita na jiwe lake ananiuliza, "Uko sawa, Mwalimu?" na wote wanacheka. Walinitania hivyo miaka mingi.

Mvua ilishuka saa tisa mchana. Ukuta ulikuwa umefika kifuani. Tukabanana sote chini ya baraza, na mvua ikapiga mtaa kwa hasira, maji mekundu yakashuka kila upande. Kisha tukasikia mngurumo mfupi. Upande wa nje wa ufa, pale nilipotandika mkeka, uliondoka wote kwa mara moja, ukatelemka bondeni na bati langu. Kila mtu alijiona amekaa pale Alhamisi ile. Furaha alinishika mkono mpaka kucha zake zikaniingia. Na ukuta, mwanangu, ukuta ulisimama! Hata jiwe moja halikucheza. Jiko likabaki, chumba kikabaki, na mke wangu alikuwa ndani ya nyumba yake.

Mama Nabintu ndiye aliyeanza wimbo. Wengine wakapokea. Tuliimba mpaka mvua ikachoka, na mimi kiongozi niliimba nikiwa nimekaa, sauti imenikauka, na sijawahi kumsifu Mungu vile tena.

Wiki zilizofuata Papa Zihalirwa aliujenga kwa saruji, na binti yetu Neema akazaliwa mwezi wa kumi katika chumba kile kile. Mama Nabintu alikuwa wa kwanza kumwosha. Alipofariki, mzee sana, tulimpeleka Mumosho kwao, na mahali gari liliposhindwa tulilibeba jeneza mabegani kwa zamu. Waliniambia niache kwa sababu ya mgongo. Nikawaambia wanitwike. Nilitembea hatua zangu chini ya mama yule, wengine wakanitua, na katika maisha yangu sijabeba kitu kwa fahari kama ile.

Bado kidogo nimalize. Neema sasa ni muuguzi, anafanya kazi Kalehe. Niligawa soda mtaa mzima siku alipopata diploma. Miezi michache iliyopita alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa imenyooka mno. "Papa, niko sawa. Namshukuru Mungu." Nikashtuka, kwa sababu ilikuwa sauti yangu mimi. Nikamhadithia habari ya bati na mkeka, ambayo nilikuwa nimemficha, maana yeye alijua tu ule ukuta na majivuno yangu. Akakata simu. Baada ya siku tatu akapiga tena, analia. Mama mmoja alikuwa amemfia mikononi akijifungua, na tangu siku ile alikuwa akikaa peke yake, hali chakula, na anakwenda kazini anatabasamu. "Papa," akasema, "siko sawa. Jana nimesema kwa shirika la huku. Nimelia mbele yabo. Nimesali ile sala ya Mama Nabintu, na leo asubuhi mwenzangu mmoja amekuja kukaa na miye."

Furaha akaniuliza kuna nini, mbona nalia na kucheka. Nikamwambia: binti yetu ni mkubwa. Ile diploma iko ukutani sebuleni, naipenda, lakini siku niliyojivunia mtoto wangu kuliko zote ni siku aliyoniambia hayuko sawa.

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu ni hili. Jambo linalokulemea litaje kwa Kristu kwa jina lake, usimpe maneno ya jumla na usimwambie kwamba anajua. Kisha fungua macho uone amemtuma nani, na huyo anayekunyoshea mkono, hata kama humtegemei, hata kama ni mdogo wako au ni mtu unayemdharau, mshike. Usikae juu ya ufa ukisema amina. Na ukiwa wewe ndiye unayewauliza wengine mizigo yao, zamu yako ikifika useme na wewe.

Mungu akupe mzigo unaoweza kusimama nao. Akupe njia, hata ya kupanda. Asikunyime mkono wa kukutwika asubuhi wala wa kukutua ukifika, na wewe mikono yako isikose kazi hiyo kwa wenzako. Na siku ukipita Cimpunda, njoo uguse ukuta wangu kwa kiganja chako. Nitakuonyesha jiwe ambalo Mama Nabintu aliliweka mwenyewe, kisha tutakunywa chai.